Fundi Kobelo na Amplifaya ya Shomari

Kuchomoa waya si kutoa umeme.

Mmemsikia shangazi yenu akisema hivyo asubuhi, baba zenu wadogo walipopeana mikono shingo upande baada ya ugomvi wao. Mkacheka, kisha mkaja kuniuliza msemo huo umetoka wapi. Umetoka Kilosa, kwenye kibanda cha fundi redio, na mimi nilikuwepo.

Enzi hizo niliongoza bendi ya dansi, Mkondoa Jazz. Mpiga solo wetu alikuwa Shomari Kibena, kijana mwenye vidole vyepesi na mdomo mwepesi zaidi. Gitaa lake lilitumia amplifaya kuukuu ya valvu, zile taa za kioo zinazowaka ndani kama makaa. Fundi Kobelo ndiye pekee mjini aliyeijua tumboni.

Jumamosi moja amplifaya ilianza kukwaruza katikati ya dansi. Shomari akashika maikrofoni, akatangazia ukumbi mzima kwamba Kobelo ni fundi wa pasi za mkaa. Watu waliangua kicheko. Kobelo alikuwa amekaa mbele na mkewe.

Kesho yake niliwaita wote wawili, nikawanunulia soda, nikawaambia washikane mikono. Wakashikana. Nikarudi nyumbani kifua mbele, najiona bingwa wa usuluhishi.

Jumatatu tukapeleka amplifaya kibandani. Shomari alitaka itengenezwe, tena ibadilishwe kidogo ili sauti ya solo itoke kali zaidi. Kobelo aliiwasha, akasikiliza, akachomoa waya ukutani, akang'oa valvu na kuzipanga juu ya kitambaa. Kwa desturi yake, kabla ya mkono wowote kuingia ndani, hutoa kwanza umeme uliobaki kwenye kapasita, vile vikopo vinavyouhifadhi hata waya ukiwa nje. Kabla hajafanya hivyo, aligeuka kutafuta bisibisi.

“Si umeshachomoa?” Shomari aliuliza, mkono tayari unaingia. “Ngoja nikuonyeshe panapokwaruza.”

Kobelo aligeuka, akaona. Nami nilikuwa namtazama usoni. Kinywa chake kilifunguka, kisha kikafumba.

Mlio wenyewe ulikuwa mdogo. Shomari alirushwa hadi ukutani. Tulimkimbiza hospitali, akapona, lakini vidole viwili vya mkono wa kushoto havikukunjika tena. Solo yake ikaishia hapo.

Jioni nilimkuta Kobelo mbele ya kibanda, analia.

“Ulimwona,” nikamwambia. “Mbona hukumzuia?”

“Nilimwona, kaka. Neno lilifika mdomoni. Nikakumbuka pasi za mkaa.”

“Lakini mlipatana! Mbele yangu!”

“Ulitushikisha mikono. Uliniuliza nina nini moyoni? Wewe ni mtu wa muziki, kaka, lakini hili jifunze kwangu: kuchomoa waya si kutoa umeme.”

Kobelo alikwenda mwenyewe hospitalini, akamweleza Shomari yote. Walichoambiana hawakunisimulia, na sikustahili kusimuliwa. Kibanda hakikufunguliwa tena. Maneno yake niliyasema mimi kila nilipoitwa kusuluhisha ugomvi, na watu wakayachukua.

Basi nendeni mkawaite baba zenu wadogo. Waje hapa, kila mmoja aseme lililomkaa rohoni mpaka limalizike, hata kama tutachelewa kula. Mikono watashikana baadaye. Asubuhi nilinyamaza kwa sababu nilichoka, na shangazi yenu akanikumbusha maneno yangu mwenyewe: kuchomoa waya si kutoa umeme.