Kidani cha Mama Apang

Hadithi, hadithi!

Ije, tumeketi!

Ije na nini?

Ije na utamu wake!

Haya. Na wewe unayesinzia huko nyuma, itika na wenzako.

Hapo zamani za kale, mbali huko mashariki, kwenye milima yenye ukungu, waliishi watu waitwao Wamiao. Watu hao walipenda sana madini ya fedha. Binti akizaliwa, mama yake alianza kumwekea fedha kidogo kidogo, hata siku ya ngoma ya wasichana avae taji lenye pembe mbili kama za nyati, na njuga zilie akicheza.

Na kila mwanamke alikuwa na kidani chake cha shingoni, chenye nakshi za ukoo wake. Hicho hakikuguswa. Mwanamke alizikwa nacho, ili mababu wamtambue na kumpokea.

Basi palikuwa na binti mmoja, Apang, na mama yake mjane. Taji la Apang lilifuliwa na sonara wa kijiji, bwana Kakakuona. Msicheke! Nani mwingine ana magamba ya kustahimili moto?

Apang akalivaa, akajitazama kwenye maji ya shamba la mpunga. Kunguru akatua karibu. Siku hizo Kunguru alikuwa na sauti tamu.

"Dada Apang, umependeza," akasema. "Ila pembe fupi. Utachekwa."

Mwongo huyo alikuwa na lake. Kila fedha ilipofuliwa, chembe zilidondoka, naye alizidokoa apambe kiota chake.

Apang akaenda kwa mama yake akilia. Mama akavua bangili zake. "Nyamaza, mwanangu. Mikono yangu hii ni ya jembe tu." Kakakuona akafua, ko! ko! ko! Pembe zikarefuka.

Kunguru akarudi. "Zimerefuka, dada, ila bado." Apang akalia. Mama akatoa bamba lake la kifuani. "Lichukue, lilikuwa linanitia baridi." Ko! ko! ko! Pembe zikarefuka.

Kunguru akarudi mara ya tatu. "Dada, imebaki shibiri moja tu!" Apang akalia. Mama akashika kidani chake, asikivue.

"Kwani wewe unacheza, Mama?" Apang akasema.

Jamani! Maneno mengine yakishatoka hayarudi. Mama akavua kidani.

Kakakuona akakipokea kwa mikono miwili. "Mama Apang, hiki alikifua babu yangu. Kweli nikiyeyushe?"

"Kiyeyushe, baba. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi."

Kakakuona akafua huku analia. Kunguru naye, kwa pupa zake, akadaka chembe ikiwa bado inawaka. Koo likaungua! Tangu siku hiyo hana wimbo, ni kwaa, kwaa tu. Na akome.

Siku ya ngoma ikafika. Apang akaingia uwanjani na pembe ndefu kuliko za wote. Njuga zikalia, watu wakashangilia. Mama yake alisimama pembeni, kajifunga kitambaa shingoni.

Akaja bibi kizee kutoka kijiji alikozaliwa mama. Macho yake hayakuona tena. Alipita akipapasa vidani vya wanawake, na kila alipokuta nakshi za ukoo wao, alimkumbatia mwenye nacho. Akafika kwa Mama Apang, akapapasa, akakuta kitambaa.

"Mwanangu, wewe ni binti wa nani?"

Mama akainama kwa haya, akakaza fundo la kitambaa.

"Basi niwie radhi," akasema bibi. "Nilidhani ni mtu wetu." Akapita.

Apang alikuwa hatua mbili tu kutoka hapo. Aliyaona yote, aliyasikia yote, na miguu yake ikakataa kucheza. Akavua taji mbele ya halaiki, jambo lisilofanywa na binti yeyote siku ile. Akamkimbilia bibi, akamshika mkono, akaurudisha kwenye shingo tupu ya mama yake.

"Bibi, usipite! Huyu ni mtu wenu. Kidani chake nimekivaa mimi kichwani."

Akalibeba taji hadi kwa Kakakuona, akavuta mivukuto ya kuchochea moto kwa mikono yake mwenyewe. Pembe zikakatwa. Kidani kikafuliwa upya, nakshi kwa nakshi, na Apang akamvisha mama yake. Bibi akapapasa tena, akamkumbatia.

"Pembe zimebaki vijiti, mwanangu," mama akasema, machozi yakimtoka. "Sasa utachezaje?"

"Kwa miguu, Mama."

Naye akacheza, na mama yake akapiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka.

Ndugu zangu, mzazi atakupa hata kile kisichotolewa. Usimwombe. Pambo linalomvua mama yako halikupendezi hata kidogo.

Hadithi yangu imefika nyumbani kwake, nami naiacha ipumzike. Iliyo tamu mpelekee mama, iliyo chungu niachieni mimi.