Vibuyu Mia vya Sange

— Ngano inabisha hodi!
— Ipite ndani!
— Ina vumbi miguuni!
— Ikanawe!
— Maji hayapo!
— Basi itueleze yamekwenda wapi.

Yalikuwa kwa Kiboko, yote. Mwaka ule mvua ilikataa, visima vikakauka, likabaki bwawa moja tu, na Kiboko akalilalia. Aliyetaka maji alikopa. Kiboko alichanja alama kwenye kijiti cha mkopaji, kwa! Kila kibuyu kililipwa kibaba kimoja cha mtama kabla mwezi mpya haujaandama. Ukimpelekea mtama siku ile ile, alisema, "Kaa nao, rafiki yangu. Kale kwanza. Mimi nawe tuna haraka gani?"

Kisha akaapa mbele ya wanyama wote: "Ukichukua vibuyu kumi, cha kumi na moja ni zawadi. Na atakayechukua na kulipa vibuyu mia ndani ya mwezi mmoja, achague chochote anachokitaka hapa bwawani. Sitamnyima."

Wanyama wakapiga vigelegele. Wakachukua maji ya kunywa, wakachukua ya kuoga, wakachukua hata ya kutuliza vumbi uani, ilimradi wapate zawadi. Mtama wakaula. Siku ya mwisho wakahangaika huku na huko, wakaja mbio na vibaba vyao. Kiboko akazama, tubwi! Akatulia chini mpaka mwezi ulipoonekana. Hapo akaibuka, pfuuu!

"Mmechelewa," akasema.

Na aliyechelewa alimwacha mtu wake mmoja bwawani, amsugue Kiboko mgongo.

Sange, yule mnyama mdogo wa pua ndefu anayelala chini ya majani makavu, alimwacha mama yake. Kwa mwezi mzima kibuyu kimoja kilimtosha. Alichukua kumi kwa uchu wa cha kumi na moja. Sasa kila asubuhi alimwona mama yake ndani ya tope, mikono imechubuka.

Akawaza siku tatu. Siku ya nne akaenda kwa Ngiri.

"Ndugu Ngiri, maji yako ya mwezi huu nitakuchukulia mimi, kwa kijiti changu. Vibuyu vya zawadi tutagawana. Lakini mtama unipe leo, mkononi."

"Na mke wangu aliye kule topeni?"

"Zamu yake itafika."

Ngiri akatoa mtama. Sange akaenda kwa Nyumbu, akasema vile vile. Nyumbu akatoa mtama. Akaenda kwa Nungunungu, akasema vile vile. Nungunungu akanung'unika, akatoa mtama. Hakuna aliyekataa, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na mtu wake topeni. Sange akachimba shimo la kuuwekea mtama huo.

Kibuyu kikachotwa, kwa! Kibaba kikaingia shimoni, chwaa! Kibuyu kikachotwa, kwa! Kibaba kikaingia shimoni, chwaa! Harufu ya mtama ikampanda Sange puani, na pua yake mnaijua ilivyo ndefu. Njaa ilimuuma sana. Hakugusa hata punje.

Siku moja Kiboko akamwita kwa sauti ya asali. "Sange, mwanangu! Leo tu, zawadi ni mara mbili. Chukua vibuyu hamsini."

"Nani atayanywa, Mzee?"

"Yamwage! Zawadi ni zawadi."

"Sina kiu, Mzee."

Mwezi ulipobakiza siku tatu, Kiboko alikuwa amejilaza mchangani, anaota jua. Akasikia kishindo. Wanyama wote walikuja kwa mstari, kila mmoja na mzigo wa mtama kichwani, na Sange mbele na kijiti chake.

"Mbona mapema hivi?" Kiboko akashtuka.

"Nilikuwa napita tu, Mzee. Hesabu, watu wanaona."

Kiboko akahesabu alama, akahesabu vibaba. Akarudia. Mia na mia.

"Haya, chagua," akasema kwa shida. "Samaki? Matikiti ya ukingoni?"

"Mama yangu."

Kiboko akatazama maji, akatazama macho ya wale wote waliokisikia kiapo chake.

"Mchukue."

Mama Sange akatoka topeni. Vidole vyake havikunyooka. Akamtazama mwanawe kwa muda mrefu. "Umekonda, baba. Na mtama wote huu?"

"Haukuwa wangu, mama," Sange akasema, akalia.

Mwezi uliofuata wakafikisha mia nyingine, akatoka mke wa Ngiri. Uliofuata tena, akatoka dada yake Nyumbu. Mmoja mmoja wakaisha, mpaka Kiboko akabaki na mgongo wake na tope lake.

— Ngano inaaga!
— Imenawa miguu?
— Imenawa, na maji imeyalipia.
— Basi ituachie funzo!

Funzo ni hili, wanangu. Tajiri akikupa zawadi, pokea, shukuru, wala usihesabu. Kuhesabu ni utovu wa adabu. Sange alihesabu, na hasara yake mnaiona: mama yake yuko nyumbani, anamgombeza kutwa kucha.