Vidole vya Mzee Ambakisye

Hapo zamani, na sisemi zamani ile ya wafalme na majitu, nasema zamani ya juzijuzi, baadhi yenu mkiwa mmeshaota meno, palikuwa na chuo kikuu kilimani. Katika chuo hicho wasichana watatu walilala chumba kimoja. Nyamizi alisomea uchongaji na ufinyanzi. Koku alisomea maigizo. Sekela alisomea ngoma, na huyo Sekela ndiye aliyekufa. Nawaambia mapema ili asije mtu akakaa hapa anangoja apone. Hakupona. Kifua kilimbana wiki ya mitihani, Ijumaa akapelekwa hospitali, Jumapili akapelekwa kwao Tukuyu ndani ya sanduku.

Huko Tukuyu alikuwa na baba tu, Mzee Ambakisye, naye alipofuka kabla Sekela hajazaliwa. Hakuwahi kumwona mwanawe hata siku moja. Alimjua kwa vidole. Kila likizo Sekela akifika nyumbani, kabla ya kupewa maji ya kunywa, anapiga magoti na kusema shikamoo, na mzee haitikii. Anampapasa kwanza: paji, nyusi, mashavu, halafu kovu la kidevuni alilolipata alipoanguka kisimani. Akishamaliza kovu ndipo anasema marahaba.

Miezi minne baada ya matanga mzee akapanda basi akaja chuoni, akamuulizia Nyamizi. Watu wakamwambia picha za Sekela zipo tele, akicheza jukwaani, nyingine kubwa kama mlango. Mzee akajibu kwa upole kwamba kwake picha ni karatasi.

"Mwanangu," akamwambia Nyamizi, "vidole vyangu vimeanza kumsahau. Juzi nilikuwa nalitafuta kovu lake, nikashindwa kukumbuka ni upande gani. Nifinyangie uso wake, nami nitakuelekeza, kabla hajapotea kabisa."

Wakakaa karakanani siku tatu. Nyamizi anaweka udongo, mzee anapapasa. Shavu limenona, punguza. Pua ishushe kidogo. Hapana, umezidisha, rudisha. Kovu likawekwa kushoto, likafutwa, likahamia kulia, na hapo mzee akatikisa kichwa kukubali. Siku ya tatu alasiri akaweka viganja vyote viwili juu ya uso ule, akalia.

"Ndiye," akasema. "Usimguse tena. Niapie."

Nyamizi akaapa.

Sasa fungueni masikio, maana hapa ndipo watu huanza kupiga miayo. Kichwa cha udongo hakichomwi kikiwa kimejaa. Hukatwa utosi kama mfuniko wa chungu, kikakombwa ndani hadi kibaki ganda, kisha utosi ukarudishwa. Ukikiacha kimejaa, unyevu unajificha katikati, na moto ukiukuta humo unakipasua. Nyamizi alilijua hilo tangu mwaka wa kwanza. Lakini kumkata utosi ni kumgusa, na ukimgusa nyusi zinahama, naye ameapa. Akaingiza mkono kwa chini, shingoni, akakomba mpaka vidole vilipoishia. Huko juu havikufika. Akajiambia atamwacha akauke polepole, maana Wiki ya Sanaa, atakapoonyeshwa na mzee kurudi kumpapasa, ni Juni, na mpaka Juni atakuwa amekauka mpaka moyoni. Hilo la kwanza. Liwekeni pembeni.

Wakubwa wa chuo wakaivuta Wiki ya Sanaa hadi Aprili, kwa kuwa mgeni rasmi alikuwa na safari. Hao siwaweki kwenye hesabu. Hawakujua kitu, na kutojua ndiyo kazi yao.

Msimamizi wa tanuri alikuwa Fundi Lihami, aliyeikalia kazi hiyo miaka ishirini na sita. Nyamizi alipoleta kichwa, fundi akauliza kama kimekombwa. Nyamizi akasema kimekombwa. Fundi akakiinua akakigusisha shavuni pake, kwa sababu udongo ambao haujakauka una ubaridi wake, na shavu la fundi huujua. Akausikia ubaridi. Alitakiwa kusema bado. Lakini maonyesho yalikuwa yamebaki siku mbili, na alimkumbuka yule mzee alivyolia. Akajiambia labda ni baridi ya asubuhi tu. Akakipanga ndani, akafunga mlango, akawasha. Hilo la pili, nalo liwekeni.

Saa sita mchana tanuri likatoa kishindo. Kimoja tu. Fundi Lihami akakaa chini palepale sakafuni, na hakuna aliyehitaji kumuuliza. Siku ya maonyesho asubuhi, lilipopoa, wakatoa vigae. Kilichobaki kizima ni sikio la kushoto.

Wakampigia simu jirani wa mzee. Jirani akasema mzee ameshaondoka na basi la alfajiri, amevaa koti lake la harusi.

Nyamizi akataka kwenda stendi, ampokee na amwambie ukweli. Koku akamzuia.

"Ukamwambie mwanawe amekufa mara ya pili?" akasema. "Nitakaa mimi mahali pa sanamu."

Koku na Sekela watu walikuwa wakiwachanganya, hata walimu. Na katika mafunzo ya maigizo Koku alishawahi kusimama saa nzima kama sanamu, nzi wakimtembea usoni. Nyamizi akakataa, akakataa tena, mara ya tatu akaenda kuloweka udongo. Wakampaka Koku uso mzima hadi shingoni, wakalitengeneza kovu kidevuni, kulia. Fundi Lihami akaleta stuli na kitambaa cheusi cha kumfunika mwili, akamketisha kati ya sanamu nyingine, kikatokeza kichwa tu. Kisha akaenda mlangoni kumpokea mzee, akamshika mkono, akamleta.

Ukumbi ulikuwa umejaa watu. Walipomwona kipofu anaongozwa, wakapisha.

Mzee akanyoosha mikono. Paji. Nyusi. Mashavu. Udongo ulikuwa wa baridi, na Koku alikuwa ameibana pumzi. Mzee akafika kidevuni, akalikuta kovu, akacheka kidogo.

"Marahaba, mwanangu," akasema.

Nyamizi akageukia ukutani. Kama mzee angeishia hapo, mimi nisingekuwa na hadithi ya kuwapa, na pengine ingekuwa heri. Lakini alikuwa na neno alilolibeba tangu msibani, neno ambalo hakumwambia mchungaji wala ndugu.

"Sekela," akasema polepole, "uliponipigia simu ukasema kifua kinakubana, nilikwambia umalize mtihani kwanza. Nilidhani ni woga tu. Nisamehe."

Sanamu haijibu, na mzee hakutegemea jibu. Alikuja kulisema neno lake na kurudi kwake. Lakini Koku alikuwepo chumbani siku ya simu ile. Alimwona Sekela akiiweka simu chini na kufungua daftari. Chozi likamtoka, likakata njia kwenye udongo, na maneno yakamtoka pia.

"Nimekusamehe, baba."

Mikono ya mzee ikasimama. Kidole gumba kikaligusa chozi, kikaona lina joto. Kikashuka shingoni, kikakuta mshipa unapiga. Akaitoa mikono yake taratibu, akaifuta kwenye koti.

"Wewe mtoto wa nani?" akauliza.

Koku akataja jina lake na la baba yake.

Hapo yakasemwa yote. Nyamizi akapiga magoti, akamwekea mzee lile sikio kiganjani, akasema kosa ni lake, aliogopa kuvunja kiapo akavunja kila kitu. Fundi Lihami akasema hapana, huyu ni mwanafunzi, yeye ndiye fundi, shavu lake lilimwambia na akalibishia. Koku, udongo ukiwa umeanza kumkauka usoni, akasema kosa ni lake, wenzake walivunja sanamu tu, yeye ndiye aliyeongea kwa kinywa cha marehemu.

Mzee akawasikiliza wote. Hakumfokea hata mmoja.

"Mimi ndiye niliyekataza asiguswe," akasema. "Na mimi ndiye niliyesema amalize mtihani. Makosa yenu nimeyasikia, wanangu. Ila nimesimama hapa najaribu kumkumbuka, na kila nikimtafuta, vidole vinaniletea huyu binti."

Watu wakaangalia chini. Koku akamwambia kwamba ikiwa uso wake ndio uliobaki mikononi mwa mzee, basi atakwenda Tukuyu kila likizo, atapiga magoti, na mzee atampapasa.

"Usije," akasema mzee.

Akalitia sikio mfukoni, akaomba apelekwe stendi. Lihami akampeleka. Wanasema tangu siku hiyo mtoto akimwamkia, huitikia upesi, mikono ikiwa imefichwa chini ya koti.

Haya, yale niliyosema myaweke pembeni, yatoeni. Nyamizi alishika kiapo. Lihami alisikia ubaridi akawasha moto. Koku alijibu palipotakiwa kimya, na mzee alikataza asiguswe. Msinijibu kwa pupa, nilipoisimulia mara ya mwisho ndugu wawili waliondoka hawasemeshani. Wala msiniulize mimi, kila nikiimaliza napata jibu jingine na kila jibu linaniuma. Semeni nyinyi: kati ya hao wanne, nani aliyemzika Sekela mara ya pili?