Adabu ya Chumba cha Juu

Apa kwanza kwamba haya hutayapeleka kwa mtu. Umeapa? Vizuri, maana mimi sikuapa, na mtaa mzima nimeshauambia.

Mwanangu alitukatia tiketi za meli ya watalii, mimi na jirani yangu Bi Mwanamvua. Mimi nikapata chumba cha juu chenye dirisha, yeye cha chini, kiza kama ndani ya mtungi. Nikamringia mpaka shingo ikaniuma.

"Hongera, shoga," akaniambia. "Ila huko juu mhudumu akigonga, ukifungua tu, umpe bakshishi. Ndiyo adabu ya melini."

Bakshishi, mimi? Nauli yenyewe sikutoa. Asubuhi mlango ukagongwa. "Huduma, mama." Ukagongwa tena, na tena. Mtu mzima na mvi zangu, nikajibana chini ya kitanda.

Adhuhuri nikamwendea. "Shoga, tubadilishane vyumba."

"Na hizo bakshishi nitazitoa wapi? Haya, kwa ajili ya ujirani wetu nitajitosa."

Nikamshukuru, na mkono nikambusu.

Kesho yake tulipomaliza kula, abiria na wahudumu tulipanda ngazi pamoja. Juu tukamkuta Bi Mwanamvua katupa mgongo, anagonga chumba cha Alhaji Badru, tajiri wa karafuu, kile chenye baraza yake. Kaikaza sauti kama mwanamume: "Huduma, mzee."

Alhaji akajibu, na sauti ilitoka chini ya kitanda: "Nimeshasema sina chenji."