Ndara Mlangoni

Ndugu zangu, nianze na yale ambayo hakuna shahidi aliyeyapinga.

Palikuwa na kundi la wasomaji waliokutana ndani ya simu. Wengi wao walikuwa pia waandishi, na hawakuwa na mchapishaji. Kila mmoja aliandika kitabu chake, akakisahihisha mwenyewe, akakichorea jalada mwenyewe, kisha akakiweka pale kundini ili wenzake wakisome na kukitolea uhakiki. Kundi hilo lilikuwa na desturi yake. Kitabu kipya kilipowekwa, kila mwanachama alikipa nyota tano siku ileile, pamoja na maneno machache ya pongezi. Waliziita nyota za makaribisho. Kukisoma chenyewe kungefuata baadaye, nafasi ikipatikana. Mashahidi wote wanakubali kwamba desturi hiyo ilianzishwa kwa nia njema, nami sina sababu ya kuwakatalia.

Wanakubali pia kwamba mwanamke mmoja wa Kondoa aliweka riwaya yake kundini, akamiminiwa nyota tano na kila mtu, isipokuwa mzee mmoja wa Lindi, ambaye alimpa mbili.

Hayo ndiyo yasiyobishaniwa. Yanayofuata ni mfano, nanyi mtayapima wenyewe.

Riwaya ya mwanamke yule ilihusu nyumba. Ilikuwa nyumba ya udongo yenye ua wa mchanga mweupe uliofagiliwa kila alfajiri, vyumba vilivyopokezana kivuli, na jiko la uani lililonukia moshi wa mkaratusi. Aliijenga nyumba hiyo kwa maneno kwa muda mrefu, huku mikono ikikanda unga na akili ikitembea katika vyumba vyake. Pongezi zilipoanza kuingia alimsomea mumewe moja baada ya nyingine. "Kazi nzito, dada!" "Umetuweza!" "Kalamu yako ina asali!" Mumewe alikuwa akitengeneza mpini wa jembe. Aliitikia kila pongezi kwa kutikisa kichwa.

Kisha ukaja uhakiki wa mzee wa Lindi. Ulikuwa mrefu kuliko pongezi zote zilizotangulia zikiwekwa pamoja, na mwisho wake ulisema hivi: "Binti yangu, nimeingia nyumbani kwako mpaka jikoni. Ni nyumba nzuri. Lakini katika sura ya tatu shangazi alitoka kwenda kuchota maji, na hadi kitabu kinafungwa hakurudi. Hakuna aliyemuulizia. Mimi nilimngoja."

Kundi lilichemka kwa kicheko.

"Mzee, shangazi yuko kwenye foleni ya bomba!" aliandika mmoja.

"Labda kisima kiko Lindi, ndiyo maana unamjua," akadakia mwingine.

Mwandishi hakucheka. Alihisi kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Akamgeukia mumewe. "Umeona? Watu wote hawa wamesifu, yeye mmoja anatafuta shangazi!"

"Kwani shangazi alirudi?" mumewe akauliza.

"Wewe uko upande wangu au upande wake?"

"Mke wangu, mimi niko upande wa shangazi. Mtu katoka na ndoo tangu sura ya tatu."

Mwanamke akainuka kwa hasira, akaenda kumwandikia msimamizi wa kundi. Msimamizi alijibu upesi: "Dada, desturi iko wazi. Anayeivunja hutolewa, na kitabu chake hutolewa pamoja naye. Lakini uliyeguswa ni wewe, kwa hiyo neno lako ndilo la mwisho. Nitakuuliza baada ya Alasiri. Ukisema atoke, atatoka."

Elewa uzito wake, ewe msikilizaji. Macho ya mzee yule yalikuwa yamefifia. Alikitunga kitabu chake kwa kuisemea simu, sentensi baada ya sentensi, na vitabu vyote vya wenzake alikuwa akisomewa kwa sauti na mjukuu wa jirani. Kitabu chake hakikuwa na mahali pengine pa kuishi. Kukitoa pale kulikuwa sawa na kukizika, na udongo wa kukizikia ulikuwa mkononi mwa mwanamke mmoja mwenye hasira.

Baada ya Adhuhuri mwanamke akajinyoosha mkekani. Jua la Kondoa lilikuwa limetulia juu ya bati, na usingizi mfupi wa mchana ukamchukua.

Akajiona amesimama mbele ya nyumba yake, ile ya riwaya. Mwanga ulikuwa wa alfajiri isiyokwisha, mweupe kama maziwa yaliyotiwa maji. Mlangoni palikuwa na ndara. Ndara za kila rangi, za wanaume na wanawake, jozi juu ya jozi, zimejaa barazani hadi zinamwagika njiani. Moyo wake ukajaa furaha. Alisema, "Wageni wangu wote wako ndani!" Akapiga hodi nyumbani kwake mwenyewe, kwa aibu tamu ya mwenye shughuli aliyechelewa. Hakuitikiwa. Akaingia.

Chumba cha kwanza kilikuwa kitupu. Mkeka ulitandikwa bila kukaliwa. Chumba cha pili kilikuwa na vikombe vilivyopangwa, na hakuna mdomo uliovigusa. Alipita kivuli hadi kivuli, na kila alipokwenda kulikuwa na ukimya laini, kama ule wa nyumba ambayo watu wake wamesafiri. Akatoka uani. Mchanga ulikuwa umefagiliwa, mistari ya ufagio bado imo, na juu yake palikuwa na nyayo za mtu mmoja tu. Nyayo za miguu mitupu, za mtu anayeburura kidogo mguu wa kushoto. Zilivuka ua, zikazunguka jiko, zikaishia kwenye kigoda kilichoelekezwa njia ya kisimani. Hapo mchanga ulikuwa umebonyea, kama pale ambapo mtu amekaa sana akingoja. Na mbali, njiani, alimwona shangazi mwenyewe amesimama na ndoo kichwani, maji yakimtiririka begani, akitazama nyumba kama mtu asiyejua kama bado anatakiwa.

Mwandishi alitaka kumwita. Sauti haikutoka. Alirudi mbio mlangoni ili awaulize wenye ndara walikokwenda, na huko nje ndipo alipoiona nyumba ya jirani, ambayo hakuwa ameitilia maanani. Ilikuwa ndogo, imepakwa chokaa. Ndani yake mzee mmoja alikaa mbele ya sinia la chakula kilichopoa, uso wake umeelekea mlangoni. Na mlangoni pake palikuwa na ndara nyingi vilevile.

Jozi ya mbele kabisa ilikuwa na ukanda uliokatika, ukashonwa kwa uzi wa kijani. Aliutambua uzi. Aliushona mwenyewe, kwenye ndara zake.

Akazinduka.

Sasa ndugu zangu, tusimame hapa. Ndoto si ushahidi. Hakimu anayemtia mtu hatiani kwa ndoto hafai kukalia kiti chake, na mwanamke anaweza kuota ndara kwa sababu tu alilala karibu na mlango. Kwa hiyo ndoto tuiweke kando, tuulize jambo linaloweza kuthibitishwa: je, mwanamke huyu aliwahi kukisoma kitabu cha mzee wa Lindi?

Hilo ndilo alilolifanyia uchunguzi. Alifungua simu, akatafuta kitabu cha mzee. Chini yake, kati ya nyota nyingi za makaribisho, alikuta maneno yake mwenyewe: "Mzee wangu, mwisho wa kitabu hiki umenitoa machozi." Akaingia ndani ya kitabu kwa mara ya kwanza. Kilikuwa kisa cha punda mkaidi. Punda yule alikataa kubeba magunia, alikataa kubeba wakwe, na katika ukurasa wa mwisho alikula taji la maua la bwana harusi mbele ya kadhi, harusi nzima ikaanguka kwa kicheko.

Alasiri ikaadhiniwa. Alipomaliza kuswali alikuta ujumbe wa msimamizi. "Haya dada, umeamuaje? Nimtoe?"

"Ngoja kwanza," akaandika. "Nasoma kitabu chake."

"Unakirudia? Si ulishakisoma? Nakumbuka ulilia."

Mwanamke aliitazama simu. Mumewe, pale uani, alikuwa ameacha kuchonga, anamtazama. Kisha mwanamke akaandika, mbele ya kundi zima: "Sikulia, kwa sababu sikukisoma. Mzee aliingia nyumbani kwangu akakaa. Mimi kwake niliacha ndara tu. Kama kuna wa kutolewa, anza na mimi."

Kundi lile halikuwa likikosa neno kamwe. Sasa mmoja alianza kuandika, akaacha. Mwingine alianza, akaacha. Kila mmoja alikuwa anakumbuka milango.

Sasa sisi. Tusijidanganye kwamba mfano huu ni wa waandishi. Mgonjwa wa mtaani ametumiwa "pole" ngapi, na ni nani ameketi kando ya kitanda chake akajua anaumwa wapi? Jirani anapoeleza jambo lake, je, hatumjibu "Mungu atakujaalia" kabla hajafika katikati? Tunaitikia "amina" kwa dua ambayo, tukiulizwa, hatuwezi kusema iliomba nini. Tunamchukia anayetuambia kilichopungua, na kumpenda anayetusifu kutoka barabarani. Sisemi kila sifa ni uongo. Hilo sijalithibitisha, wala sitalidai. Nasema tu kwamba sifa isiyoingia ndani haina njia ya kujua kama ni kweli, na kwamba mwanamke yule alikuwa karibu kumzika mtu pekee aliyemngojea shangazi yake.

Kwa hiyo kesi hii naikabidhi kwenu. Mkiwa katika nafasi ya msimamizi, nani atoke? Aliyetoa nyota mbili baada ya kukaa, au waliotoa tano bila kupiga hodi? Na mkiwatoa hao wa tano, kundini atabaki nani? Pimeni kwa haki, msiogope jibu.

Ila kabla ya kuhukumu, zingatieni kielelezo kimoja ambacho nimekiona kwa macho yangu, wala si kwa ndoto. Nilipoingia msikitini humu leo nilipita katikati ya ndara zenu. Ni nyingi, alhamdulillahi, zimejaa mpaka ngazini. Kwamba zipo mlangoni, nashuhudia. Kama wenyewe mumo ndani, hilo siwezi kulishuhudia mimi. Shahidi wake ni kila mmoja wenu, na hakimu wake, kwa sasa, ni yeye mwenyewe. Je, umo?