Mbwa Mmoja, Mashamba Matatu

Hapo zamani, si zile za mazimwi, za juzijuzi tu, katika vilima vya Taita, palikuwa na nyumba moja yenye mashamba matatu. Wakesho alikuwa na mahindi yake bondeni. Mumewe, Maghanga, alikuwa na ndizi zake kule juu. Mama mkwe, Bi Mkawasi, alikuwa na viazi vitamu ng'ambo ya mto. Na nyani walikuwa na yote matatu.

Aliyeumia zaidi ni Wakesho. Mwaka uliopita nyani walimvunia mahindi yote wakamwachia mabua. Mwaka huu alishinda shambani akipiga debe na mayowe mpaka sauti ikamkauka, akawa anaongea kama jogoo mgonjwa. Akaona la, hii sasa imezidi. Akaenda kwa mjomba wake Kisombe, mfuga mbwa.

Mjomba akampa kijibwa wa kahawia, tumbo kama kibuyu. "Mpwa wangu, mfundisheni kizimba kwanza. Mbwa asiyejua kutulia kwake hatajua kulinda kwako. Nakuja siku ya soko. Nikikuta anaingia mwenyewe na anatulia bila kulia, namwacha. Nikikuta anapiga kelele, narudi naye. Na mila yetu unaijua: mbwa hana wenyewe wawili. Aliyemfundisha ndiye atampa jina, na shamba lake ndilo litalindwa."

Maghanga akaanza. Akakata fito, akasuka kizimba cha kutosha ndama. Wakesho aliporudi kutoka mtoni akakuta miguu ya mumewe imetokeza mlangoni.

"Baba Mcharo! Unafanya nini humo?"

"Napima mlango."

"Unampimia mbwa au unajipimia wewe?"

Kijibwa akatiwa ndani, akanya pembe hii, akalala pembe ile, raha mustarehe. Maghanga akakuna kichwa. Akakifumua kizimba, akakisuka upya, kidogo, cha mbwa kusimama na kugeuka tu. Mbwa hapendi kuchafua anapolala, kwa hiyo kijibwa akajizuia mpaka atolewe nje. Hapo Maghanga akavimba kichwa, hasalimiki!

Lakini kuingia mwenyewe? Hataki. Ukimsukuma, anatanua miguu yote minne. Ndipo Wakesho akatandika leso yake kuukuu humo ndani, akaweka na kipande cha ini. Kijibwa akanusa, akaingia, akala, akajikunja juu ya leso. Kesho yake ini tena. Baadaye akawa anaingia hata bila kuitwa. Wakesho akafurahi, akaimba kwa ile sauti yake mbovu.

Shida ikawa kufunga mlango. Funga tu, kilio! Wakesho moyo haukumpa. "Jamani, maskini ya Mungu!" Akifunga, kijibwa analia; akilia, Wakesho anafungua. Akifunga, analia; akilia, anafungua. Samaki mkunje angali mbichi, wahenga walisema, lakini hapo aliyekuwa akikunjwa ni Wakesho.

Mahindi yakaanza kubeba. Wakesho akarudi kwenye debe lake, Maghanga kwenye ndizi zake, kijibwa akaachwa na Bi Mkawasi. Sasa, masikio ya Bi Mkawasi yalikuwa yamestaafu kitambo, hata habari za mila na siku ya soko zilimpita. Alimfungia kijibwa, akaketi kando akichambua kunde. Kijibwa akalia. Bibi akachambua kunde. Kijibwa akalia mpaka majirani wakatoka nje. Bibi akasema, "Mbwa mpole huyu, hata sauti hana." Kijibwa akachoka, akanyamaza. Bibi akainuka kunyoosha mgongo, ndipo akamfungulia. Ikawa hivyo kila mchana, hadi kijibwa akajionea mwenyewe kwamba kilio hakifungui mlango.

Siku ya soko mjomba akafika. Kijibwa akaingia kizimbani mwenyewe. Mlango ukafungwa. Mjomba akanywa chai, akaongezwa, akanywa tena. Kimya.

"Haya, amefuzu," akasema. "Nani kamfundisha? Afungue, ampe jina."

"Mimi, Mjomba," akasema Maghanga. "Bila kizimba changu angekunya mpaka kwenye sufuria."

"Na bila mimi kizimbani angeingia?" akasema Wakesho. "Leso ni yangu, ini nilijinyima mimi. Mjomba, sauti sina tena. Nyani wakila mahindi mwaka huu, watoto nitawapikia mabua?" Machozi yakamlengalenga.

Bi Mkawasi alikuwa akitabasamu tu. Maghanga akainama, akampigia kelele sikioni kumweleza.

"Alaa! Mnagombea mbwa? Basi ni wangu! Nyinyi mlimdekeza. Kwangu mimi nani alimsikia akilia?"

"Mama, hukumsikia kwa sababu husikii!" Maghanga akampigia tena kelele sikioni.

"Ndiyo maana nikaweza! Viazi vyangu navyo si chakula?"

Mara mlio ukasikika ng'ambo. Nyani! Wanashuka, na bado hawajachagua shamba. Mikono mitatu ikarukia komeo moja, na hakuna wa kuachia. Kijibwa yumo ndani, kimya, adabu zote, anawatazama mmoja mmoja.

"Mkono mmoja tu," akasema mjomba.

Haya, nyie mliokaa hapo mkicheka, semeni, nyani hawangoji kikao. Aliyekisuka kizimba, aliyemfanya akipende, au aliyemtuliza humo bila kujua? Je, nani alistahili kuufungua mlango ule?