Muzna na Maiti Asiye na Mwenyewe

Wametusimulia walimu wetu, nao walipokea kwa waliowatangulia, kwamba katika mji mmoja mdogo wa pwani ya Hadharamaut aliishi mchoma chokaa aitwaye Yuslim, na mkewe akiitwa Muzna. Hawakuwa watu wa kutajwa barazani. Mume alivunja mawe ya matumbawe, akayachoma tanuuni, akawauzia wajenzi chokaa. Mke alimsaidia kupanga kuni na kuyamwagia maji mawe yaliyoiva. Chokaa ni kazi isiyomhurumia mtu. Mikono ya Yuslim ilikuwa imeliwa hata kucha, na kidole cha mwisho cha mkono wa kulia kiliungua ujanani kikajikunja, kisinyooke tena. Kila jioni, baada ya sala ya magharibi, Muzna aliipaka mikono ile mafuta ya ufuta, na mumewe akimwombea dua ile ile, kwamba Mwenyezi Mungu asiunyime baraka mkono unaompaka. Walikuwa na watoto wawili, Faraj aliyekuwa akijifunza kusema, na Nuru aliyekuwa bado ananyonya.

Kisha ikaja tufani.

Upepo uligeuka adhuhuri, na ilipofika alasiri bahari ilikuwa imeinuka juu ya mawe ya ufuo. Wanaume walishuka kuvuta vyombo vyao nchi kavu. Yuslim hakuwa na chombo wala hakujua kuogelea, lakini jirani yake alimwita aje kushika kamba, na jirani akiita hapana tena la kuuliza. Bahari iliingia mjini hadi sokoni, ikaingia msikitini hadi kwenye mihirabu, kisha ikarudi ilikotoka na ilichokitaka. Kulipokucha visima vyote vilikuwa chumvi, mitende imelala upande mmoja, na mbuzi wamenasa matawini mwa mikunazi. Wanaume wengi waliokuwa ufuoni hawakuonekana, Yuslim miongoni mwao, na yule jirani aliyemwita pia.

Maiti wakaanza kurejeshwa na maji, leo huyu na kesho yule. Kila aliyepatikana alioshwa, akakafiniwa, na sanda zilipokwisha watu walitoa vilemba vyao. Wake zao wakaingia eda. Yule jirani naye alipatikana, na mkewe, Bakhita, akakaa eda na mtoto mchanga mapajani. Lakini Yuslim bahari haikumrudisha. Enyi ndugu zangu, msiba nao una mlango wake wa kuingilia, na Muzna hakuupata. Hakuwa mjane wala hakuwa mke wa mtu aliye safarini. Waliokutana naye njiani hawakujua wampe mkono wa tanzia au wamwombee mumewe arudi salama, na wengi walichagua kupita upande wa pili.

Habari za tufani zilifika bara, na tajiri mmoja wa huko, mtu wa kheri, akaleta ngamia waliobeba nafaka na tende. Alitia sharti katika sadaka yake, kwamba ni ya wajane na mayatima wa tufani, wala isiende kwingine. Aliyekabidhiwa kuigawa ni kadhi wa mji, Sheikh Bukheit, mtu mnyoofu kama fimbo yake, ambaye kwake sharti la mtoaji halikuwa jambo la kuchezewa. Aliwagawia wajane wote. Ilipofika zamu ya Muzna alimwambia, macho yakiwa chini, kwamba mume aliyepotea huhesabiwa yu hai mpaka upatikane ushahidi wa kufa kwake, na kwamba yeye hawezi kumwita mjane mwanamke ambaye huenda ana mume. Jioni ile akampelekea sahani ya tende kutoka nyumbani kwake mwenyewe. Ilikuwa ndogo, kwa maana hata nyumba ya kadhi maji yaliiingia.

Basi Muzna akawa anaokota kombe mawimbi yakirudi nyuma, anachemsha majani, anampa Faraj na kumdanganya kwamba yeye amekwisha kula. Maziwa yakaanza kumpungua.

Siku moja asubuhi Bakhita, ambaye eda ilimkataza kwenda mbali, alipaza sauti kupitia ukutani akimwita. Alikuwa na habari njema, akasema, kisha akajisikia alivyosema, akashusha sauti. Maiti mmoja alikuwa ameonekana katika mawe ya ghuba. Maji yalikuwa yameuharibu uso, lakini ni mtu mrefu, mwembamba wa kiuno, na mji mzima ulikuwa umekwisha kukubaliana kwamba ndiye Yuslim. Kadhi alikuwa akimngoja Muzna tu aje amtambue.

Muzna alikaa chini. Bakhita alimwendea mlangoni, akamshika bega, akamsemesha kwa upole wa mtu anayempenda.

"Dada yangu, mimi sijui kama ni yeye, na huenda hata wewe usijue. Lakini Yuslim alikuwa kwenye kamba moja na mume wangu, na wangu nimemzika. Wewe wajua amekufa. Neno lako moja tu, na watoto wako watakula leo. Utamdhulumu nani?"

Muzna akainuka akaenda. Njia nzima swali lile lilikwenda naye, na kila alipolipindua hakuona lilipokosea.

Maiti alikuwa amelazwa chini ya kivuli cha makuti kilichokuwa kimesimamishwa badala ya chumba cha kuoshea, kilichochukuliwa na maji. Mwosha wa mji, mzee Awadh, alimfunika gubigubi, akauacha wazi mkono wa kulia peke yake, kwa kuwa haikufaa mwanamke aonyeshwe zaidi kabla haijajulikana kama ni mumewe. Kadhi na wazee wachache walisimama kando. Kadhi alimwambia kwamba hatamwapisha, neno lake linatosha. Laiti angemwapisha, ingekuwa rahisi kwake, kwa maana mtu huogopa kiapo hata anaposahau kuuogopa uongo.

Aliutazama mkono ule. Ulikuwa umevimba, ngozi imekuwa nyeupe kwa maji. Vidole vyote vilinyooka.

Wanasema alisimama pale kwa muda mrefu, na moyo wake ulikuwa hauna utulivu hata kidogo. Alimwona Faraj akilamba chungu kikavu. Aliyaona magunia ya nafaka yaliyopangwa ukumbini kwa kadhi. Na juu ya hayo aliona, kwa mara ya kwanza tangu tufani, mlango wa msiba umefunguliwa mbele yake, kwamba akisema neno moja atapewa ruhusa ya kulia, ataingia ndani, watu watamjia na kumpa mkono. Hilo la mwisho ndilo lililomvuta kuliko nafaka.

"Si yeye," alisema.

Mzee mmoja akamkumbusha kwa huruma kwamba maji hulainisha mikono ya mtu.

"Hulainisha ngozi, baba yangu. Hayanyooshi kidole."

Kadhi akamuuliza kama anajua anachokikataa. Akajibu kwamba anajua, amemwacha mtoto nyumbani analia njaa. Kadhi akasema, na sauti yake haikuwa ya kadhi tena, "Binti yangu, hakuna aliyekuja kumdai maiti huyu."

"Ana mtu anayemngoja, Sheikh," akasema Muzna. "Mimi najua kungoja kulivyo. Nikimchukua leo, huyo atangoja mpaka afe."

Wakamwosha maiti, wakamkafini, wakamsalia kama mgeni wao, wakamzika mwisho wa makaburi, na juu yake wakasimamisha jiwe lisilo na jina. Alichokiona mzee Awadh katika kuosha hakumwambia mtu, kwa kuwa mwosha mwenye dini huuzika ulimi wake pamoja na maiti.

Wako wasimulizi wanaopenda kusema kwamba Muzna alirudi nyumbani moyo umetua. Mimi sikusimuliwa hivyo, wala siamini. Nimesimuliwa kwamba alijuta. Bakhita alipopata habari alikasirika, akaacha kumsemesha, na nyumba zao zilitenganishwa na ukuta mmoja tu. Maziwa yalikauka kabisa. Nuru alilia mpaka sauti ikamwisha, kisha akawa anafungua kinywa bila sauti. Siku ile Muzna alimweka mtoto juu ya mkeka, akasujudu, akasema, "Ya Rabbi, nilisema kweli kwa ajili yako. Usiniache nikaijutia zaidi ya hivi."

Hapakushuka chakula kutoka mbinguni. Alichosikia ni mlango wa nyuma ukisukumwa. Bakhita aliingia bila salamu, akamwinua Nuru mkekani, akakaa, akampa ziwa. Mtoto alinyonya kwa pupa hata akapaliwa. Wanawake wawili hawakutazamana. Hatimaye Bakhita akasema, "Haki yako uliikataa mbele ya kadhi, sawa. Ya huyu si yako kuikataa." Na kabla hajaondoka alitoa katika pindo la shuka yake kibaba cha nafaka akakiweka juu ya jiwe la kusagia. Fungu lile la sadaka lilikuwa limekwisha kuwa milki yake, na hapana sharti linalomzuia mtu kumlisha jirani kwa kilicho chake. Alifanya hivyo kila siku. Tangu hapo Nuru na mwana wa Bakhita wakawa ndugu wa kunyonya, wasioweza kuoana, na ukuta ule wa kati, uliokwisha kupasuliwa na tufani, hawakuuziba tena.

Mji ulianza kujengwa upya, na hakuna ukuta pasipo chokaa. Mchoma chokaa alikuwa mmoja tu, naye hayupo. Muzna alijifunga kibwebwe akaliwasha tanuu mwenyewe. Mawe ya kwanza aliyaharibu, yakatoka mabichi katikati, na mafundi wakamcheka kidogo. Ya pili yaliiva. Kuta za msikiti zilipakwa chokaa yake, na malipo yake yalikuwa nafaka, akamlisha Faraj kwa jasho lake, na njaa ikaondoka nyumbani kwake. Msiba wenyewe haukuondoka. Jioni, baada ya magharibi, hakuwa na la kufanya na mikono yake.

Mwaka ukazunguka. Ndipo akaja mjini mwanamke mzee aitwaye Ghaliya, juu ya punda wa kuazima, akitokea pwani ya mbali ya upande wa mashariki. Mwanawe alikuwa safarini baharini siku ya tufani. Tangu hapo mama huyu alikuwa akienda mji hadi mji wa pwani, na katika kila mji hamwendei mkuu wala kadhi, bali mwosha wa maiti. Kila alikofika aliambiwa kwamba waliooshwa wote walikuwa na wenyewe.

Mzee Awadh alipoulizwa alimwambia, "Hapa tunaye mmoja asiye na mwenyewe. Nipe alama." Mama akasema kwamba kidole cha mwisho cha mguu wa kushoto wa mwanawe kilimlalia mwenzake kwa juu, tangu siku aliyozaliwa, na kwamba mtoto akiwa mdogo, yeye mama alikuwa akikifunga kwa uzi usiku ili kinyooke, kisinyooke. Mzee Awadh akakaa chini pale pale, akafunika uso kwa kilemba. "Mama yangu," akasema, "nilikiosha mimi mwenyewe."

Alimpeleka kaburini, na akamsimulia kwa nini jiwe lile halikuandikwa jina la mtu mwingine. Ghaliya hakukaa sana. Aliuliza njia ya kwenda tanuuni.

Alimkuta Muzna ameinama, mweupe wa chokaa tangu kichwani. Akamwambia yeye ni nani. Muzna alimtazama, akamwomba akae, akamtafutia maji, akamwambia Mungu amrehemu mwanawe, maneno yote yanayopasa kusemwa aliyasema. Mama alimwacha amalize, kisha akamuuliza, "Na wako, mwanangu? Amepatikana?"

"Bado, mama."

"Umemlilia?"

Muzna akasema hajui alie wapi.

Yule mama akainuka, akamshika mkono kama anayemvusha mtoto njia, akaenda naye hadi mwisho wa makaburi. Wakakaa chini wote wawili kando ya jiwe. Ghaliya akasema, "Kaburi hili lilikuwa lako kwa neno moja, ukaniwekea. Sasa ni langu, na mwenye kitu ndiye anayekaribisha. Lia hapa. Mimi nitamlilia wangu, nawe umlilie wako."

Ndipo Muzna akalia.

Waliotusimulia hawakusema kama Yuslim alionekana baadaye, na hatuwezi kusema wasilolisema. Bakhita hakuwa mtu mbaya, ndugu zangu, na swali lake bado lingali likiulizwa majumbani mwetu: utamdhulumu nani? Mara nyingi tunayemdhulumu hayupo mbele yetu, yu njiani, juu ya punda wa kuazima, anauliza mji hadi mji. Mola atujaalie tuwe watu ambao huyo, akifika kwetu, atamkuta wake hajachukuliwa na mwingine, na awarehemu wote ambao bahari haijawarudisha kwa watu wao.